Tanga Juu ya Duara

Wewe unayenisikiliza, tafuta mahali pazuri ukae, maana habari yenyewe inaanzia kwenye kitu cha kukalia. Mwezi uliopita nilikwenda Kagongwa kumzika Mama Masanja. Wanawake walikuwa wametandika mikeka upande wa jikoni, wanachambua mchele, na binti mmoja alipoona ninavyohangaika na magoti yangu akaniinua, akanielekeza kwenye benchi lililoegemea ukuta. Nikakaa, nikashika ukingo wake ili nijiweke sawa, na mkono wangu ukajua kabla macho hayajajua. Haukuwa ukingo wa mbao. Ulikuwa wa mviringo, laini, wenye ubaridi fulani, kama ukingo wa beseni kubwa. Nikainama kutazama. Ulikuwa ubao mrefu kuliko mlango, umelazwa juu ya matofali, weupe wake umegeuka rangi ya mahindi makavu, na katikati bado lilikuwepo tundu lililokuwa likishika mlingoti. Nikamuuliza binti benchi lile wamelitoa wapi. Akasema amezaliwa akalikuta. Kwamba jirani mmoja aliwahi kulitaka alifanye hori la ng'ombe, bibi akakataa, na fundi mwingine alitaka kulikata, bibi akamfukuza. "Bibi alikuwa anasema ni kitanda cha mjomba Masanja," akaniambia, akarudi kwenye mchele wake. Katika msiba wote ule mtu pekee aliyejua ubao ule ulitengenezwa kwa kazi gani nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimeukalia.

Basi nikueleze, maana najua wengi hawajawahi kuuona mchezo huu, na mimi mwenyewe nilielezwa taratibu mpaka nikaelewa. Ni ubao unaoelea. Chini yake, upande wa nyuma, una pezi kama la samaki, ili usiteleze kwa ubavu. Juu yake unachomekwa mlingoti wenye tanga moja, lakini mlingoti huo haukazwi: unaweza kulala upande wowote, na kinachousimamisha ni mikono yako wewe uliyesimama juu ya ubao, umeshika ufito uliopinda kama upinde. Upepo unasukuma tanga, tanga linakusukuma wewe, miguu yako inausukuma ubao. Ukiachia mikono, tanga linaanguka majini na ubao unasimama hapo hapo. Masanja alikuwa akisema hicho ndicho chombo pekee anachokijua ambacho ukishikwa na hofu unaachia tu, na kinatulia.

Aliupata kwa mgeni. Miaka hiyo kulikuwa na kambi ya utafiti wa madini nje kidogo ya Nyarugusu, na Masanja alikuwa kibarua wa kubeba masanduku ya sampuli za mawe. Mmoja wa wataalamu wa pale, mzungu mrefu mwenye ngozi iliyobabuka, alikuwa akienda Chato siku za mapumziko na ubao wake juu ya gari. Masanja alichukuliwa mara ya kwanza ili alinde nguo ufukweni. Safari zilizofuata alikuwa majini. Kambi ilipofungwa, wageni wakaondoka na mashine zao, na yule mtu akamwachia Masanja ubao, mlingoti na tanga. Masanja akaingia kwenye duara la Mzee Kashindye kuchimba, kama vijana wote waliobaki bila kazi. Duara, kama hulijui, ni shimo la kwenda chini kutafuta mwamba wenye dhahabu. Lina mwenyewe, lina wachimbaji wake, na chakula chao hutoka humo. Chumba alichopanga kilikuwa kifupi kuliko ubao. Ndiyo maana uliletwa kwetu.

Kwetu ni kwa Mama Leonia, fundi cherehani, mwanamke wa Ushirombo aliyekuwa ananifundisha kazi. Rozari yake ilining'inia kwenye shingo ya cherehani, na mtu akija kudai nguo kabla ya siku yake, Mama Leonia aliishika ile rozari kwanza, ndipo akajibu. Chumba kilinukia mafuta ya mashine na mkaa wa pasi. Ubao uliingia kwa mshazari, kichwa kwenye kona ya magunia ya vitambaa, mkia juu ya kabati, na kuanzia siku hiyo tulikuwa tunainama chini yake tukipita, kama tunaingia kanisani. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa wa mabanzi, na nyuma yake palikuwa na mgahawa wa chai. Kila kilichosemwa mgahawani tulikisikia. Tulijua duara la nani limetoa, la nani limeporomoka, nani ameachwa na mkewe. Mama Leonia alikuwa akisema hahitaji redio, ila hii ya ukutani hakuweza kuizima.

Tulikuwa watatu wa rika moja: Masanja, mimi, na Jilala, ambaye alichimba pamoja na Masanja na hakujua kuogelea hata kidogo. Kwa miezi mingi ya mwaka ule mazungumzo yetu ya mchana yalikuwa safari ya Chato. Tulikula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwenye meza ya kukatia vitambaa, na Masanja alichora ziwa kwa chaki ya fundi hapo hapo mezani, kati ya sahani. Alitueleza kwamba ziwa Nyanza ni pana hadi huoni ng'ambo, lakini ukililinganisha na upana wake, kina chake ni kidogo, na ile sehemu aliyoijua yeye unatembea mbali sana maji yakiwa kiunoni. Akatueleza upepo. Asubuhi, akasema, nchi kavu ni baridi na ziwa bado lina joto, kwa hiyo upepo unatoka kwetu kwenda majini; ukipanda ubao saa hizo utapelekwa na hakuna wa kukurudisha. Mchana nchi inapata joto, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja ufukweni. "Tutaingia mchana," alisema. "Saa hiyo hata ukikosea kila kitu, ziwa lenyewe linakurudisha nyumbani."

Mama Leonia alisikiliza huku anashona. Mwishoni alitangaza kwamba na yeye anakwenda, kwa sababu hawezi kumwachia msichana wa watu aende na wanaume wawili na tanga. Atakaa ufukweni na mwavuli. Akauliza habari za mamba. Masanja akasema pale wanapofulia nguo watu kila siku hapana mamba. "Mamba hajui kama leo ni zamu ya kufua au ya kucheza," Mama Leonia akajibu, na Jilala akacheka mpaka akakohoa ugali. Yeye Jilala ndiye aliyetatua usafiri. Kulikuwa na mchuuzi wa samaki mwenye pikapu aliyekwenda Chato gari tupu na kurudi limejaa. Akakubali kutubeba wakati wa kwenda. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga ndivyo vingekuwa chakula chetu, maana haviozi. Jilala akasema tatizo moja tu, ule ubao tukiufunga turubai tukaulaza nyuma ya gari, watu wote wa njiani watasimama pembeni na kuvua kofia. Tulicheka sana. Nimelikumbuka lile cheko miaka yote hii, na sijui hata sasa niliweke wapi.

Mazoezi tulifanya nyuma ya duka, kwenye rundo la pumba za mpunga kutoka mashineni. Pumba zilikuwa laini, pezi halikuvunjika, na ukianguka huumii. Wachimbaji waliotoka mgahawani walisimama kutazama. "Kapteni, leo wangapi, sato au sangara?" walimwuliza Masanja. Yeye aliendelea kufundisha, mwalimu mvumilivu kupita kiasi, anakusogeza kisigino, anakuambia usitazame miguu, tazama unakokwenda. Jambo moja tu alilisema kwa ukali, akatulazimisha kulirudia kama katekisimu. "Mwenzako akianguka, usiruke kumfuata. Wewe ndiye mwenye ubao. Ukiruka, hakuna tena mwenye ubao. Kaa juu, mwite jina, mpelekee kamba." Jilala akamchokoza, na wewe ukianguka je? Masanja akasema, "Hata mimi. Hasa mimi. Kaa juu."

Sasa nikupeleke kwenye duara, kwa sababu ndiko tanga lilikokwenda kabla ya kuona maji. Shimo likienda chini sana, hewa ya juu haifiki. Wachimbaji huweka turubai kwenye miti mdomoni mwa shimo ili linase upepo, na kutoka hapo bomba la nailoni linaupeleka chini. Turubai la Mzee Kashindye lilikuwa limechanika. Siku moja alipita nyuma ya duka letu, akaona tanga limetandazwa kwenye jua, likavimba lenyewe kwa upepo mdogo, akasimama kulitazama. Kisha akamwita Masanja pembeni. Alikuwa mtu mzima wa heshima, aliyewalisha vizuri watu wake, na alichoomba hakikuwa kibaya: mpaka siku ya safari, tanga lifanye kazi. Masanja alikubali kwa furaha. Alisema ni bora kuliko kulala kabatini.

Mimi ndiye niliyeshona bomba lake. Masanja alileta kamba iliyokatwa kwa urefu wa duara, nikailaza sakafuni, ikazunguka chumba, na nikashona salfeti, ile mifuko ya nailoni ya mbolea, moja baada ya nyingine mpaka bomba likalingana na kamba. Mishono niliipiga mara mbili. Lakini kulifunga sikwenda. Wakati ule, na kuna mahali hata leo, mwanamke hakusogelea mdomo wa duara. Waliamini mwamba unakimbia. Nilimweleza Masanja kwa mdomo jinsi ya kuliunganisha, na yeye akaenda. Mimi niliishia kwenye rundo la kifusi, pale wanawake wauza uji waliposhusha ndoo zao. Kutoka hapo nililiona tanga tu, jeupe lenye mstari mwekundu, limesimama juu ya vilima vya udongo, mbali na maji yoyote. Wapita njia walidhani kuna kanisa jipya la hema.

Likafanya kazi. Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na naomba unifuate vizuri, maana watu wengi hudhani maafa huanza na kitu kibovu. Kwa kuwa hewa ilifika, wachimbaji walishuka zaidi. Nyuma ya ukuta wa mabanzi nilimsikia Mzee Kashindye akijisifu kwamba tanga la Masanja limemfikisha mahali ambapo jirani zake hawajafika. Majuma machache baadaye nikasikia, "Tumeshuka tena." Nikamwuliza Masanja, bomba bado linafika? Akasema Jilala anahisi upepo huko chini. Nikamwambia aniletee kamba nyingine, nitaongeza salfeti. Akaahidi. Nilingoja ile kamba. Nilipomkumbusha, alikwenda kumwambia mzee, nami kupitia ukutani nikasikia jibu alilopewa, lenye upole, kati ya mlio wa vikombe: "Bomba linafika, ng'wanone, mwanangu. Mimi ni wa kutuma watu mahali pasipo hewa? Wanawake washone, wanaume wachimbe." Watu wakacheka, hata Masanja nadhani alicheka kidogo. Hakuna aliyeshuka na kamba kupima.

Siku moja kabla ya safari palikuwa hapana upepo. Moshi wa jiko la mgahawa ulipanda wima kama umefungwa uzi. Mama Leonia alikuwa amechemsha michembe asubuhi ile ili tuionje, akasema ni mitamu kupita ya kwao Ushirombo, jambo ambalo hakuwahi kulikiri. Mimi nilishona mfuko wa mlingoti. Masanja alikuwa ameushusha ubao, anaufunga kwa vitambaa vya zamani, anatuambia tusihofu utulivu ule, kwamba ziwa linajitengenezea upepo wake. Mzee Kashindye alikuwa amemwomba siku hiyo tu: maji yamejaa chini ya duara, wayavute, jioni tanga lishushwe. Jilala ndiye aliyebaki kusaidia. Na hapa kuna kitu cha kuelewa. Pampu ya petroli ikiwa juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kirefu, hata uwe na mpira mrefu namna gani. Wanaolijua hilo hufanya kosa la wanaojua nusu: wanaishusha pampu yenyewe ndani ya shimo, wanaiweka kwenye kizingiti cha mwamba, wanaiwasha, na moshi wake unabaki mle mle na watu. Sehemu mbaya ya moshi huo haina harufu. Mtu hakohoi. Anaona usingizi, anakaa chini.

Sauti ikaja kupitia ukuta wa mabanzi. Mtu aliingia mgahawani akauliza Masanja yuko wapi, na kabla hajajibiwa akasema, "Jilala haitikii." Masanja alinyanyuka, kitambaa bado kiko mkononi. Alimwambia Mama Leonia, "Nakuja." Hakuniambia mimi kitu. Nilimfuata mbio, nikasimama kwenye rundo la kifusi kwa mazoea, kama mtu aliyefika ukutani. Kutoka hapo nilisikia injini ikinguruma chini ya ardhi. Tanga lilikuwa limening'inia, halina hata mkunjo unaotikisika. Nikamsikia Mzee Kashindye akisema subiri, kamba ya ndoo iko chini, tunaivuta, subiri tukufunge. Nikamsikia Masanja akiita jina la Jilala mara moja. Halafu sikumsikia tena, na wanaume wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Nilipanda lile rundo nikavuka. Hakuna aliyenizuia. Nilifika mdomoni mwa duara nikaliona kwa mara ya kwanza, na nikaiona kazi yangu: bomba la salfeti, mishono yake mizima kabisa, limeteremka vizuri likaishia hewani. Chini ya mwisho wake shimo liliendelea, na mwanga uliishia njiani. Injini ilikoroma, ikazima yenyewe. Kijana mwingine alikuwa tayari ameshaweka mguu kwenye ngazi ili amfuate Masanja, nikamshika shati, na Mama Leonia, aliyekuwa amenifuata akihema, akamshika mkono wa pili. Mzee Kashindye akapiga kelele kwamba asishuke mtu. Tukalishusha tanga, watu wanne tukalishika pembe zake, tukawa tunalipepea juu ya shimo kama mtu anayepuliza jiko, wengine wakafunga matawi yenye majani kwenye kamba wakayapandisha na kuyashusha, ili hewa ichanganyike. Ilichukua muda mrefu mno. Ndipo mtu mmoja akafungwa kamba kiunoni, akashuka, akawatoa. Jilala alikuwa wa kwanza, kisha Masanja. Wote wawili walionekana wamelala. Midomo yao ilikuwa na wekundu wa mtu mwenye afya, na kwa sababu hiyo niliendelea kumwita Masanja kwa muda, mpaka Mama Leonia akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Mzee Kashindye alikaa kwenye kifusi, kofia mkononi. Aliponiona akaniuliza, taratibu, kama anauliza njia, "Mayu," yaani mama, "bomba lilikuwa halifiki?" Nikamwambia, "Tazama." Alitazama. Hakuchimba tena, nasikia aliishia kulima mpunga huko Bukombe, na kila aliyepita na sururu alimsimamisha akamweleza habari hii, hata kama amekwisha kumweleza.

Asubuhi pikapu ilikuja kama tulivyoagana. Mwenye gari hakuwa na habari, akapiga honi mlangoni kwa furaha. Ndugu za Jilala walikuwa wameshamchukua. Masanja hakuwa na mtu Nyarugusu, na jeneza lilikuwa halijapatikana, kwa hiyo tulimlaza juu ya ubao wake, uliokuwa umeshafungwa vitambaa tayari kwa safari, tukamfunika kwa tanga. Gari lililokuwa liende Chato likageuza kichwa kuelekea Kahama. Mimi na Mama Leonia tulikaa nyuma naye. Watu wa njiani walisimama pembeni wakavua kofia. Pale Kagongwa mama yake alitupokea kwa utulivu wa kutisha, akauliza kitu hiki alicholalia ni nini, na mimi, ambaye nimepewa mdomo wa kueleza kila kitu, nikashindwa. Nikasema ni ubao. Tanga alizikwa nalo. Ubao ukabaki.

Nilipokuwa nimeukalia mwezi uliopita, niliwaza jambo ambalo limenichukua miaka kulitamka. Masanja aliijua sheria. Aliitunga, akatulazimisha kuirudia tukiwa kwenye pumba, na alipoisema hakuwa anatania. Kilichomshinda ni kwamba aliifunga kwenye maji. Hakuona kwamba shimo lenye hewa mbaya ni ziwa vilevile, nalo halina upepo wa mchana wa kukurudisha. Nikamwita yule binti, nikampisha sehemu ya benchi, nikamweleza kitanda cha mjomba wake kilikuwa nini: nikamwonyesha mahali pa miguu, tundu la mlingoti, mahali pezi lilipokuwa. Akasimama juu yake, mikono mbele, akishika ufito usiokuwepo. Wanawake wakamtazama, mmoja akaanza kumkemea, nikamwomba amwache.

Na wewe niliyekukalisha hapa, haijalishi kama huendi machimboni. Kisima ni hicho hicho, shimo la choo ni hilo hilo, tangi la maji ni hilo hilo. Usishushe injini inayowaka ndani ya shimo. Usijiamini kwa sababu mshumaa bado unawaka, maana moshi wa injini hauzimi mshumaa. Kabla mtu hajashuka, pima kwa kamba bomba la hewa linaishia wapi, pima mwenyewe. Na siku mwenzako atakapokuwa chini na haitikii, usimfuate. Ita watu, mpelekee hewa, andaa kamba, mwite jina lake, na wewe ukae juu.